Historia ya gesi ya AC ya gari, na kwa nini gari la zamani halijazwi kwa kubahatisha



Msimu uliopita mzee mmoja mfanyabiashara wa Newala alinisimamisha karibu na soko. Ana duka la vifaa, na msimu wa mbaazi na ufuta husomba mizigo ya watu kwa Land Cruiser yake ya mwaka 1988. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akanionyesha boneti. "Bwana shamba, gari hili linakula gesi ya AC kuliko dizeli." Alikuwa amejaza mara tatu ndani ya msimu mmoja. Kila mara baridi ilikaa kama wiki mbili, kisha ikaisha. Sasa kuna fundi amemshauri aweke gesi ya kupikia, kwamba ni rahisi na inapoza zaidi. Mzee akataka kujua kama ni kweli.

Nikamwambia ni kweli itapoza, na nikamwomba asiruhusu mtu yeyote kufanya hivyo kabla hatujazungumza.

Mimi ni afisa ugani, si fundi wa viyoyozi. Mambo haya nilianza kuyafuatilia jokofu la chanjo za mifugo lilipoharibika kazini, nikashinda siku mbili na fundi aliyesomea kazi hiyo, nikiuliza maswali kama mwanafunzi. Baadaye nikasoma historia yake. Nilichogundua ni kwamba gesi hizi zimebadilishwa mara kadhaa, na kila mara watu walikuwa wanakimbia hatari moja na kuingia katika nyingine. Lakini kazi ya kuondoa hewa na unyevu kabla ya kujaza haijawahi kubadilika. Mwenye gari la zamani akielewa mambo haya mawili atajua fedha yake inapotelea wapi.

KWANZA: BARIDI INATOKA WAPI?

Kila nyumba ya zamani uwandani kwetu ilikuwa na mtungi wa udongo. Maji yakijipenyeza kwenye udongo na kukauka nje, yanaondoka na joto, na yaliyobaki ndani yanakuwa baridi. AC ya gari inafanya jambo hilohilo, ila kimiminika chake hakipotei hewani. Kinazunguka ndani ya mabomba.

Kompresa inaisukuma gesi kwa nguvu, inapata presha na joto. Inapita kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, inapoa na kuwa kimiminika. Kisha inapita kwenye tundu dogo la valvu, presha inashuka ghafla, kimiminika kinageuka tena kuwa gesi ndani ya mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi. Pale ndipo kinapobeba joto la ndani ya gari. Halafu gesi inarudi kwenye kompresa na safari inaanza upya.

Kwa hiyo gesi ya AC haitumiki ikaisha kama dizeli. Ikipungua, imevuja. Anayejazwa gesi kila baada ya wiki mbili bila kutafutiwa tundu ni sawa na mtu anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

GESI ZA MWANZO ZILIKUWA ZINAUA

Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wa kupunguza unyevu na joto katika kiwanda cha uchapishaji kule Brooklyn, New York. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa. Majokofu ya nyumbani yalifuata miaka michache baadaye.

Shida ilikuwa gesi. Zilizotumika wakati ule ni amonia, methili kloraidi, na ile gesi inayotoka salfa inapoungua. Ndugu zangu wakulima wa korosho, nyinyi mnaijua salfa. Mnapopuliza dhidi ya ubwiriunga bila kitambaa puani mnajua inavyowasha macho na kubana kifua, na hiyo ni unga tu. Fikiria moshi wake ukivuja usiku kutoka kwenye jokofu lililo jikoni. Methili kloraidi ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu harufu yake ni hafifu. Katika miaka ya 1920 kule Marekani familia zilikufa usingizini kwa gesi iliyovuja kutoka kwenye majokofu, na wengine wakaamua kuyaweka majokofu yao nje ya nyumba.

1930: GESI ILIYOAMINIWA

Mwaka 1928 kampuni ya General Motors, iliyokuwa inamiliki majokofu ya Frigidaire, ilimpa mkemia Thomas Midgley na wenzake kazi ya kutafuta gesi isiyo na sumu na isiyoshika moto. Wakapata jamii ya kemikali zenye klorini, florini na kaboni. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta gesi hiyo mpya kifuani, kisha akaipuliza taratibu kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika, naye akabaki mzima. Akawa ameonyesha kwa pumzi moja kwamba haiui na haiwaki. Msiige jambo hilo.

Gesi hizo ziliuzwa kwa jina la Freon. Iliyokuja kutumika zaidi kwenye magari iliitwa R12. Midgley huyohuyo ndiye aliyegundua, mwaka 1921, kwamba risasi ikichanganywa na petroli inazuia injini kugonga. Risasi hiyo ilikuja kuondolewa kwenye petroli dunia nzima kwa sababu ya sumu yake. Alikufa mwaka 1944, kabla mtu yeyote hajajua madhara ya R12.

Tusimlaumu kirahisi. Alichoagizwa kutafuta alikipata. Majokofu yakarudi ndani ya nyumba, na vifo vile vikapungua. Lakini kulikuwa na tabia iliyoanzia hapo na ambayo bado tunayo kwenye gereji zetu. Kwa kuwa gesi haina harufu, haichomi na haiwaki, mafundi walizoea kuiachia hewani bila wasiwasi, kisha wanajaza nyingine.

BARIDI INAINGIA KWENYE GARI

Kampuni ya Packard ya Marekani ilionyesha gari la kwanza lenye kiyoyozi cha kiwandani mwaka 1939. Mtambo wake ulijaza sehemu kubwa ya buti. Ulikuwa hauna swichi ya kuuzima. Dereva akisikia baridi imezidi, ilibidi asimamishe injini, ashuke na kuuondoa mkanda wa kompresa kwa mkono. Baada ya miaka michache waliacha kuutengeneza. Viyoyozi vya magari vilishika kasi Marekani katika miaka ya 1950.

Huku kwetu hadithi ilikuwa nyingine. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, wakati ambapo Waingereza walikuwa katika mradi wao wa karanga kule Nachingwea. Katika magari ya kazi ya enzi hizo AC ilikuwa dirisha. Wazee waliosafiri kwenda Dar es Salaam wanakumbuka zaidi mchanga, matope na kivuko cha mto Rufiji kuliko joto. Wakati wa masika ungeweza kukwama siku nyingi.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia katikati ya miaka ya 1980, ambako kuliruhusu magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, kuingia kwa wingi. La pili ni daraja la Rufiji, ambalo leo linaitwa Daraja la Mkapa kwa heshima ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi. Lilifunguliwa mwaka 2003. Baada ya hapo gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam liliweza kufika Masasi bila kusubiri kivuko, na mkulima aliyepata bei nzuri ya korosho akaanza kufikiria gari.

Ndiyo maana leo barabara ya Masasi kwenda Newala ina magari ya kila umri. Mengine yametengenezwa wakati wa R12, mengine baada yake, nayo yote yanaletwa kwenye gereji ileile kwa fundi yuleyule mwenye mtungi mmoja wa gesi.

JUU ANGANI KULIKUWA NA TATIZO

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi Mwingereza James Lovelock alipima hewa akiwa melini kutoka Uingereza hadi karibu na Antaktika. Alikuta gesi za jamii ya Freon kila mahali, hata katikati ya bahari ambako hakuna jokofu wala kiwanda. Ilionekana kwamba hazikuwa zinaoza. Zote zilizoachiliwa zilikuwa bado zinaelea.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wakiwa chuo kikuu huko California, waliandika kwamba gesi hizo zinapanda polepole hadi juu sana, mwanga mkali wa jua unazivunja, na klorini inayotoka inakula ozoni. Ozoni ni tabaka la gesi linalotukinga na sehemu ya mionzi ya jua inayosababisha saratani ya ngozi, mtoto wa jicho na madhara kwa mimea. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu maelfu ya chembe za ozoni kabla haijatulia. Wenye viwanda walibisha kwa miaka mingi.

Mwaka 1985 ubishi ulipungua. Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba kila majira ya kuchipua huko Antaktika ozoni ilikuwa inapungua kwa kiasi cha kutisha. Walijua kwa sababu kituo chao cha Halley kilikuwa kinapima kitu kilekile, kwa njia ileile, tangu miaka ya 1950. Hapa nawakumbusha wakulima wangu ninaowasumbua kila siku kuhusu daftari la mvua na mavuno: faida ya kuandika kila mwaka inaonekana siku mambo yanapobadilika.

MKATABA ULIOTUFIKIA MPAKA GEREJI

Tarehe 16 Septemba 1987 nchi kadhaa zilitia saini Itifaki ya Montreal, kule Kanada, ya kupunguza kemikali hizo. Mazungumzo yaliongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, chini ya mkurugenzi wake Mmisri, Mostafa Tolba. Sekretarieti ya ozoni iko Nairobi mpaka leo. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Itifaki hii baadaye iliridhiwa na nchi zote za dunia, jambo ambalo ni nadra sana.

Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R12 na ndugu zake kufikia mwaka 1996. Nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi: nusu ipunguzwe kufikia 2005, asilimia 85 kufikia 2007, na kumaliza kabisa tarehe 1 Januari 2010. Ulianzishwa pia mfuko wa kusaidia nchi maskini kubadilisha vifaa na kufundisha mafundi.

Wakulima nao waliguswa. Methili bromaidi, dawa ya kufukizia nafaka ghalani na udongo wa vitalu, iliingizwa kwenye orodha mwaka 1992 kwa sababu nayo inakula ozoni.

Watengenezaji wa magari walihamia gesi mpya iitwayo R134a, isiyo na klorini, hasa kati ya mwaka 1991 na 1994. Kwa hiyo gari lililotengenezwa kabla ya hapo, kama lile la mzee wetu la 1988, lilizaliwa na R12. Baada ya 1994 karibu yote yalizaliwa na R134a. Yaliyo katikati yanahitaji kusomwa kibandiko chake chini ya boneti.

GARI LILILOBAKI KATIKATI

Mzee alijazwa R134a mara tatu kwenye mfumo wa R12 ambao haukubadilishwa chochote. Kwa nini haikukaa?

Oili. R12 ilisafiri pamoja na oili ya madini inayolainisha kompresa. R134a haichanganyiki na oili hiyo. Gesi inazunguka, oili inabaki imelala kwenye mabomba, na kompresa inasagika ikiwa kavu.

Mipira. Pete za mpira za zamani zimekauka, na nyingine hazikutengenezwa kwa ajili ya gesi mpya. Chembe za R134a ni ndogo kuliko za R12 na zinapenya kirahisi.

Chupa ya kukaushia. Ndani yake kuna punje zinazonyonya unyevu. Mfumo ukikaa wazi kwa miaka, punje hizo zimeshashiba.

Midomo ya kujazia. Ya R12 ni ya kufunga kwa nyuzi kama nati. Ya R134a inanasa kwa kubonyeza. Viliwekwa tofauti makusudi ili mtu asichanganye. Ukiona fundi analazimisha kimoja kwenye kingine bila kuuliza historia ya gari, msimamishe kwa adabu.

Kuhamisha gari kutoka R12 kwenda R134a kunawezekana, na wengi wamefanya. Inatakiwa kusafisha mabomba, kubadilisha pete za mpira, kuweka chupa mpya ya kukaushia, kuweka oili ya aina ya esta, kufunga midomo mipya na kubandika kibandiko kinachosema gari limebadilishwa. Baridi yake inaweza kuwa pungufu kidogo ya ile ya mwanzo, lakini inakaa.

KUNYONYA HEWA: KAZI AMBAYO HAIKUBADILIKA

Hapa ndipo wengi wanaruka. Kabla ya kujaza gesi yoyote, mfumo unaunganishwa na pampu inayonyonya hewa yote. Hewa ikibaki inachukua nafasi ya gesi na kupandisha presha. Unyevu ukibaki unaganda kuwa barafu kwenye tundu la valvu, na ukichanganyika na gesi na oili unatengeneza asidi inayokula mabomba kutoka ndani.

Pampu haivuti maji kama mrija. Inapunguza presha mpaka maji yenyewe yanachemka kwa joto la kawaida la mchana, yanageuka mvuke, kisha mvuke unavutwa.

Sasa sikilizeni jambo linalowahusu watu wa uwandani. Vitabu vinasema geji ya bluu ifike karibu inchi 30 chini ya sifuri. Hiyo ni kwa mtu aliye pwani. Kila unapopanda mita 300 hivi, kipimo hicho kinapungua kwa kama inchi moja, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Ukiwa kwenye mwinuko wa mita 700, mwisho wa geji yako ni kama inchi 27 na nusu. Fundi wa Mtwara mjini akifika Newala anaweza kudhani pampu yake imekufa, kumbe ni mlima. Tena asubuhi za Juni na Julai kwetu ni za baridi, na maji baridi ni magumu kuchemka hata kwa pampu nzuri. Fanyeni kazi hiyo saa sita mchana, gari likiwa limepigwa na jua.

Kwa anayetaka kuifanya nyumbani, utaratibu ni huu:

1. Kama ndani ya gari bado kuna gesi, usiiachie hewani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuikusanya. Kilo moja ya R12 inapasha dunia joto zaidi ya mara 10,000 ya kilo moja ya hewa ukaa, na R134a zaidi ya mara 1,300.

2. Tafuta tundu kwanza. Fundi ajaze nitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Msitumie oksijeni ya kuchomelea hata siku moja. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka.

3. Badilisha pete, chupa ya kukaushia na oili kama ilivyoelezwa.

4. Unganisha geji na pampu, nyonya kwa dakika 30 hadi 45. Kama mfumo ulikaa wazi muda mrefu, ongeza muda. Wapo wanaotumia kompresa ya friji kuukuu kama pampu. Inanyonya, lakini haifiki kina cha pampu halisi, hivyo usiitegemee kwa mfumo uliolowa.

5. Funga valvu za geji, zima pampu, subiri nusu saa. Mshale ukibaki palepale, vizuri. Ukipanda kidogo na kusimama, bado kuna unyevu, rudia kunyonya. Ukiendelea kupanda mpaka sifuri, kuna tundu. Hapo usijaze.

6. Jaza kwa mizani, si kwa kukisia. Gari lililohamishwa kwenda R134a linachukua kama asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12 ulioandikwa kwenye kibandiko. Injini ikiwa inazunguka, jaza kupitia upande wa bluu tu, kopo likiwa wima. Valvu nyekundu ibaki imefungwa. Ukiifungua, presha ya kompresa inarudi kwenye kopo na kulipasua mkononi.

7. Vaa miwani na glavu. Kimiminika kikigusa jicho kinaligandisha. Usifanye kazi hii ndani ya shimo la gereji, kwa sababu gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zinajaa chini na kukunyima pumzi. Usivute sigara wala kuchomelea karibu, kwani R12 ikipita kwenye moto inatoa gesi zenye sumu kali.

GESI ZA ZAMANI ZINARUDI

Mwaka 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, Rwanda, na tarehe 15 Oktoba zikakubaliana kupunguza hata R134a na ndugu zake, kwa sababu ingawa haili ozoni, inapasha dunia joto. Makubaliano ya Kigali yalianza kutumika mwaka 2019.

Badala yake dunia inarudi kwenye gesi zinazowaka, jamii ya gesi ya kupikia. Friji nyingi mpya za nyumbani zina isobutani. Hapo ndipo fundi wa mzee alipopata hoja yake. Lakini friji hizo ziliundwa upya kwa ajili ya gesi hiyo: kiasi chake kwa kawaida hakizidi gramu 150, na swichi zinawekwa mahali ambapo cheche haiwezi kuifikia. AC ya Land Cruiser ina mabomba ya zamani yanayopita nyuma ya dashibodi iliyojaa nyaya, na ndani wamekaa abiria, pengine mmoja ana sigara. Gesi ya kupikia ikivuja pale, gari zima linakuwa mtungi.

Pia kuna gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua wafanyakazi. Ilibainika kwamba yalikuwa yamejazwa gesi bandia yenye methili kloraidi, ileile iliyoua familia katika miaka ya 1920. Ikikutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa, na mfumo wa AC ya gari una aluminiamu nyingi. Kopo la bei ya kutupa lisilo na jina la mtengenezaji liacheni dukani. Na wewe mfanyabiashara unayeyauza, jua unachoweka kwenye rafu.

MZEE ALIFANYA NINI

Gesi ya kupikia aliiacha. Alipeleka gari kwa fundi aliyesomea majokofu na viyoyozi, wakakuta tundu kwenye ungio la bomba chini ya kondensa, dogo kama tundu la sindano. Kompresa ilikuwa imeanza kusagika kwa kukosa oili, ikabidi inunuliwe nyingine, ya mtumba. Fedha aliyotumia kujaza mara tatu ingetosha kubadilisha pete, oili na chupa ya kukaushia mara ya kwanza, na kompresa ingepona. Hilo lilimuuma kuliko joto.

Mara ya mwisho nilipomwona, vioo vilikuwa vimefungwa. Alishusha kimoja kunisalimia, akaniuliza kuhusu bei ya mbegu za ufuta, kisha akakipandisha haraka baridi isitoke.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha ya gesi muulize fundi maswali manne: Gari hili lilizaliwa na gesi gani? Tundu liko wapi? Utanyonya hewa kwa muda gani? Utapima kwa mizani? Akishindwa kujibu hata moja, endelea na dirisha kwanza.

Wenye maswali nipo ofisini siku za kazi asubuhi, na mchana mtanikuta mashambani. Karibuni.